Njia ya Ng'ombe Niliyoifuta

Mkuyuni, Jumatano alasiri

Mwanangu Zipora,

Umekwenda Idsowe kumuaga nyanya yako, na namjua, hatakuachia kabla hujamaliza sahani mbili za wali. Kwa hiyo nina saa mbili tatu, kalamu ya kanisa, na daftari jipya. Mambo ya pasipoti, sweta na dawa mama yako ameshayasema mara nne, na mara ya tano atayasema kesho ukiwa umeshakaa ndani ya basi. Mimi sitayagusa. Nimekaa kuandika kwa sababu ya neno ulilolisema Jumapili, ukacheka, mimi nikashindwa kucheka.

Ulikuwa unanisomea kwenye simu habari za kile kijiji cha Ufaransa unakokwenda kukaa mwaka mzima, ujifunze kilimo na ufugaji kwenye shamba la watu. Jina lake bado linanishinda ulimi. Ukasoma kwamba kipo bondeni, kwamba kijito chake kinatoka kilima fulani na kumwaga maji katika mto fulani, kwamba kimepakana na kijiji hiki kaskazini na kile kusini. Ukasoma kwamba kanisa lao liliungua wakalijenga upya, kwamba zamani walilima zabibu mpaka ugonjwa ukaimaliza mizabibu, wakageukia ng'ombe wa maziwa. Wakuu wao wote wa kijiji wameorodheshwa, mmoja baada ya mwingine. Vijana wao waliokufa vitani wamechongwa kwenye jiwe, jina kwa jina.

Nikauliza wako wangapi. Ukaniambia. Nikasema, "Hao hata soko la Garsen hawalijazi."

"Ndiyo, Baba."

"Na sisi je? Simu inasema nini juu ya Mkuyuni?"

Ukaandika, ukangoja, ukaandika tena kwa herufi nyingine. Kisha ukacheka. "Inaniuliza kama nimekosea kuandika."

Sikulaumu. Lakini tangu siku hiyo neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa kambale. Basi sikiliza nikwambie ulikozaliwa. Hukukosea kuandika.

Mkuyuni iko ukingoni mwa Mto Tana, chini ya Garsen, pale mto unapochoka kukimbia na kuanza kujigawa. Mashariki yetu ni maji. Magharibi ni nyika, nyasi na mikoma mpaka macho yachoke. Kaskazini kuna lile ziwa lililopinda kama mundu, mlilokuwa mkiogelea mkiwa wadogo. Lile si ziwa, Zipora. Lile ni kaburi la mto. Enzi za babu yangu maji yalipita pale, na Mkuyuni ya kwanza ilikuwa kando yake. Msimu mmoja wa mafuriko mto ukavunja ukingo, ukashika njia nyingine, ukawaacha watu wameketi kando ya maji yasiyokwenda popote. Wakabomoa nyumba zao, wakaufuata.

Mkuyuni ya pili ndiko nilikozaliwa mimi. Hiyo nayo mto uliichukua nikiwa darasa la tatu. Nakumbuka maji yakiingia ndani kimya kimya, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Tulihama kwa mitumbwi. Kengele ya kanisa, yaani kile chuma cha trekta kinachoning'inia mpaka leo, ilipakiwa kabla ya magunia ya mpunga. Nyanya yangu akamgombeza mchungaji: "Tutakula kengele?" Mchungaji akamjibu, "Mama, bila kengele tutajuaje kwamba tumefika?" Wakaigonga hapa, jioni, juu ya kichuguu kimoja kilichokuwa kikavu. Hiyo ndiyo Mkuyuni yako, ya tatu.

Kwa hiyo mtu akikwambia kijiji chetu hakimo kwenye ramani kwa sababu hakitulii, mjibu kwamba sisi tumetulia sana. Anayehama ni mto, na sisi hatukubali kuachwa nao.

Sasa kuna upande mmoja nimeuruka, na nimeuruka kwa mazoea. Kusini, kati ya shamba letu na la kina Yeremia, kuna ukanda mpana usiolimwa, unaotoka nyikani mpaka majini. Waorma wanauita malka. Ndipo ng'ombe wao wanaposhukia kunywa wakati wa kiangazi, visima vya nyikani vikikauka. Babu zetu na babu zao walipatana: sisi Wapokomo tulime ukingo, wao wapite malkani. Hapakuwa na karatasi. Palikuwa na maziwa, palikuwa na ndizi, na palikuwa na watu wenye kinywa kimoja.

Nitakayokueleza sasa mama yako anayajua, Galgalo anayajua, na Mungu. Wewe unajua nusu.

Galgalo unamjua kama mzee wa mguu mmoja anayetuletea maziwa na kukuita binti yake. Ulipokuwa mdogo ulimuuliza mguu wake ulikwenda wapi, akakwambia mamba. Ni kweli, ni mamba. Lakini aliyemtuma Galgalo kwa mamba ni mimi.

Tulisoma naye shule moja ya bweni Hola. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Nilimfundisha kuogelea, yeye akanifundisha kutoogopa ng'ombe dume. Tulipokuwa watu wazima, kiangazi kimoja, mwaka ule ule nilipomwoa mama yako, ng'ombe wake walimponyoka kijana aliyewachunga wakaingia kwenye mahindi yangu, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yameanza kubeba. Asubuhi nilikuta mabua. Galgalo alikuja mwenyewe, akaomba radhi, akaleta ndama jike. Nikamkatalia mbele ya watu. Nikamwambia, "Ndama hasagwi akawa unga."

Watu wakacheka. Nilikipenda kile kicheko, mwanangu. Jihadhari na kicheko unachokipenda namna hiyo. Kesho yake Galgalo alipita njiani asinisalimie, na mimi badala ya kuona aibu nikaona amenikosea mara ya pili.

Mwaka haujaisha, wakaja wapima ardhi. Kulikuwa na mradi mkubwa wa kilimo ulioitaka nchi ya huku. Ulishakufa, na jina lake halina faida kwako. Walitaka mtu anayejua kusoma na anayejua njia. Wakaonyeshwa mimi, karani wa kanisa. Nikavaa shati la Jumapili. Siku nne nilitembea mbele yao nikijiona mkubwa, nao nyuma na ile mashine ya miguu mitatu. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole, mtu wa bara, aliandika kila nililosema bila kubisha.

Siku ya nne tukafika kusini.

"Hapa ni kwa nani?"

"Kwa kina Yeremia."

"Na pale?"

"Shamba langu."

"Na hapa katikati? Mbona hapajalimwa?"

Nikatazama. Tope lilikuwa limekauka na alama za kwato, maelfu, za miaka na miaka.

"Hapo hapana kitu," nikasema.

"Si njia? Naona kama nyayo za ng'ombe."

"Wamepotea tu hao. Hapo ni pori."

Akaandika. Niliona kalamu ikisogea, nikaona raha, raha ya mtu aliyelipiza kisasi bila kuinua mkono.

Mchana walikula kwetu. Walipoondoka mama yako akaniuliza, "Umewaonyesha malka?"

"Malka ni ya ng'ombe. Ng'ombe wana haja gani na ramani?"

Aliacha kuosha sahani. "Ng'ombe wana wenyewe," akasema.

Msimu uliofuata likaja tingatinga, likachimba mtaro wenye kina kilichopita kimo cha mtu, ukaikata malka katikati, na kando ya mtaro ukajengwa ua wa seng'enge. Kwenye ramani yao pale hapakuwa na kitu, na pasipo na kitu mtu huchimba apendavyo. Kisha mvua zikakosa. Ng'ombe wakateremka kama kawaida yao, wakasimama upande wa pili wa mtaro wakinusa maji wasiyoweza kuyafikia. Nilikuwa shambani nikipalilia. Niliwasikia wakilia siku ya kwanza, nikawasikia siku ya pili. Ya tatu Galgalo akawageuza, akawapeleka chini kwenye ule ukingo ulioporomoka, ambapo hakuna mwanamke wa Mkuyuni anayeteka maji, kwa sababu sote tunajua wanaokaa pale. Aliingia majini yeye kwanza, akipiga maji kwa fimbo, ili ng'ombe wanywe nyuma yake.

Walimtoa wavuvi wa Chara waliokuwa wakipita. Hospitalini wakaukata mguu wa kushoto chini ya goti. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi sita.

Utaniuliza kama nilikwenda kumwona. Nilituma ndizi. Mkungu mzima, Zipora. Nikampa mtu apeleke, nikarudi shambani.

Ulipozaliwa nilitaka uitwe kwa jina la mama yangu. Mama yako akakataa. Akasema utaitwa Zipora.

"Kwa nini Zipora?"

"Si wewe ndiye karani wa kanisa? Soma Kutoka, sura ya pili."

Nikasoma. Mabinti wa mfugaji wamekwenda kisimani kulinywesha kundi la baba yao, wanaume wakaja wakawafukuza. Mmoja wa mabinti hao ndiye Zipora. Nilifunga kitabu. Tangu siku hiyo kila nilipokuita uje ule, nilikuwa nasomewa mashtaka yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilivumilia miaka minne. Na katika miaka hiyo nilikuwa mtu mwema ajabu. Niliwajengea wajane nyumba, nilisuluhisha ndoa za watu, hapakuwa na msiba nisiofika. Nakueleza hili kwa sababu utakutana na watu wa namna hiyo, na huenda siku moja ukawa mmoja wao. Mtu mwenye kosa huweza kuwa mwema kwa dunia nzima isipokuwa kwa yule mmoja.

Kilichonivunja si mahubiri. Ulikuwa unachora mchangani, uani, kwa kijiti. Ukanionyesha: hii nyumba, huu mto, hii njia ya ng'ombe. Nikashtuka. Hukuwahi kuona ng'ombe akipita pale; mtaro ulikuwepo kabla yako. Nikakuuliza nani amekwambia kuna njia. Ukasema, "Mama."

Nikachukua baiskeli nikaenda kwa Galgalo.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba yake, anachonga mkongojo. Hakusimama, sasa kusimama kwake kulikuwa kazi.

"Nimekuja kukwambia jambo."

"Sema."

"Wapima walipokuja waliniuliza juu ya malka. Nilisema hapana kitu."

Kisu kikasimama. "Walikulazimisha?"

"Hapana."

"Walikuahidi shamba? Kazi?"

"Hapana. Nilikuwa na hasira ya mahindi."

"Mahindi," akasema. Alilirudia taratibu, kama mtu anayejifunza lugha ngeni. "Mahindi." Kisha akasema, "Toka kwangu."

Nikatoka. Njia nzima ya kwenda nilikuwa nimejiandaa kulia, na yeye anishike bega, na mambo yaishe. Hakunipa hilo, na hakuwa na deni nami. Ukienda kuomba radhi, mwanangu, usiende na sahani mkononi ukingoja upakuliwe. Nenda useme kweli, kisha uwe tayari kurudi na njaa yako.

Wiki mbili baadaye mke wake, Halako, alipita na madumu ya maziwa akasimama mlangoni bila kuingia. "Galgalo anasema uje na daftari," akasema. "Anasema mdomo wako ulifuta, mkono wako uandike."

Hivyo ndivyo kijiji chako kilivyoandikwa kwa mara ya kwanza. Yeye juu ya punda, mimi kwa miguu, tulianza mbali sana nyikani na kuifuata njia ya ng'ombe kuja majini. Sikujua kwamba kila mwendo mfupi una jina. Kuna Mkoma Uliopigwa Radi. Kuna Mahali pa Kungoja, ambapo mifugo ya ukoo mmoja husimama mpaka ya mwingine imalize kunywa. Kuna kisima kilichochimbwa na mwanamke peke yake, waume wakiwa safarini, na jina lake Galgalo alilitaja mpaka kwa babu yake wa tatu. Niliandika yote. Mara mbili alisimamisha punda akaniambia nimsomee, akanisahihisha. Tulipofika ukingoni mwa mashamba akasema, "Sasa wewe." Zamu yangu ikaanza: ziwa, Mkuyuni ya kwanza, ya pili, makaburi yaliyochukuliwa na maji, ya nani na ya nani. Yeye akasikiliza. Kuhusu mguu hatukusema neno, na mpaka leo hatujasema.

Nilipomaliza daftari, nilidhani nimemaliza. Wanawake wakasema ramani isiyoonekana na asiyejua kusoma si ramani. Mama yako akatoa shuka letu jeupe la harusi akalitandaza sakafuni mwa kanisa. Siku sita watu waliingia na kutoka, Wapokomo na Waorma, wakibishana kwa Kiswahili cha sokoni, huku mama yako akichora. Bibi mmoja alilia akaondoka kwa sababu tumeisogeza nyumba ya baba yake mbali na mto. Tukaifuta, tukamfuata, tukamrudisha.

Tukalibeba lile shuka mpaka Hola, watu sita. Ofisa aliyetupokea, simtaji, alikuwa na heshima. Alilitazama kwa muda.

"Wazee, kazi nzuri. Lakini hii si ramani. Haina vipimo."

Nikamjibu mimi, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ile yenu ina vipimo vyote, na haina watu. Na uongo uliomo niliutia mimi. Andika jina langu. Andika kwamba niliwadanganya wapima."

"Unakiri kosa, mzee?"

"Nakiri. Nimeshasahihisha langu. Sasa na nyinyi sahihisheni lenu."

Akasema mambo haya yana utaratibu, turudi mwezi ujao. Tukarudi. Akasema mwezi ujao. Tukarudi. Mwezi wa tatu hatukwenda Hola. Tulikwenda malkani, na majembe.

Nataka uione siku ile. Tulianza watu wachache tukioneana haya. Waorma hawajazoea jembe, na sisi tuliwacheka. Kisha wakaleta punda wa kubeba udongo, wakatucheka sisi. Jioni tulikuwa wengi hata hatukuweza tena kuhesabiana. Yeremia, ambaye shamba lake lingepanuka kama malka ingebaki imefungwa, alikuja siku ya pili bila kuitwa. Galgalo aliketi kando ya mtaro na mkongojo wake akielekeza: hapa bado, hapa shindilieni. Siku ya tatu mtaro ulikuwa umefukiwa upana wa kundi zima kupita, na seng'enge imekunjwa vizuri pembeni, maana hatukuwa wezi.

Ndipo wakaja askari. "Kiongozi ni nani?"

Nikasema, "Mimi." Galgalo nyuma yangu akasema, "Na mimi." Tukapanda gari pamoja, nikamsukuma juu kwa mabega.

Tulikaa rumande siku mbili. Mama yako alikuja kituoni Garsen akiwa amekushika mkono, akasimama mbele ya meza ya sajini. Sajini mwenyewe alinisimulia baadaye, akicheka. Mama yako alisema, "Ramani ya serikali inasema pale hapana kitu. Sasa mume wangu amefukia nini?" Sajini akafunga daftari lake la kesi. Siku ile ile tukatolewa.

Mradi ukafa wenyewe baada ya miaka michache, kama mimea isiyo na mwenyewe. Ng'ombe wanapita mpaka leo. Lakini ile ramani haijasahihishwa, Zipora. Nimeandika barua, nimekwenda mwenyewe, nimeshindwa. Uongo niliousema kwa pumzi moja umeishi kuliko ukweli tulioufanyia kazi mwaka mzima. Hilo siwezi kulifukia kwa jembe.

Ndiyo maana sikucheka Jumapili. Kijiji cha watu sikukionea wivu. Wamefanya vizuri kuandika kijito chao na wafu wao; na sisi tungefanya hivyo. Ila ukifika, usiuamini ule ukurasa wote. Kila ramani ina mtu aliyeulizwa, na mtu huyo alikuwa na mahindi yake. Ukishazoeana na wakamuaji, kaa na aliye mzee kuliko wote umuulize: ni nani alikuwa akipita hapa, ambaye hayumo kwenye jiwe? Atakutazama. Ngoja. Watu wakiulizwa vizuri husema.

Na wao watakuuliza unatoka wapi. Usiseme Mombasa. Usiseme "karibu na Malindi." Mimi niliwahi kusema hivyo kwenye semina ya makanisa Nairobi, na mwenyeji wa Malindi aliyekuwa karibu akafurahi akaniuliza mtaa gani. Nilikosa pa kuuweka uso. Nilistahili. Na usiseme "kijiji kidogo tu." Hilo "tu" liache hapa, nitawapa kuku.

Wakikuonea huruma kwa ajili ya mafuriko, waambie ukweli: udongo wa mpunga wetu unaletwa na maji hayo hayo, na mwaka tunaouogopa ni ule ambao mto haufuriki. Wakikwambia Wapokomo na Waorma ni watu wa kuuana, kwa maana hayo yameandikwa na simu itawaonyesha, usikane kwamba tumezikana. Tumezikana. Kisha waambie umelelewa kwa maziwa ya mtu ambaye baba yako alimfanyia uadui, na mtu huyo amekuita binti. Waache watafute hilo kwenye simu zao.

Sasa la mwisho, ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo siku mbili hizi. Kesho sitakusindikiza.

Ujumbe umekuja kwamba wapima wengine wanafika asubuhi, wa mradi mwingine. Safari hii hawahitaji mtu wa kuwaongoza. Wana chombo kinachoruka na kupiga picha kutoka juu. Wanaanzia kusini, saa mbili, saa ile ile basi lako linaondoka Garsen. Mama yako alisema, "Nenda na mtoto, nitasimama mimi." Niliwaza sana. Lakini mdomo uliosema pale hapana kitu ni wangu, na siwezi kumtuma mke wangu akasimame badala yake. Yeye ndiye atakayekushika mkono stendi. Naomba unielewe, na usiponielewa, uniwie radhi taratibu, kwa wakati wako.

Kutoka juu, kiangazi kama hiki, malka ni ukanda wa vumbi tu. Kwa hiyo tumekubaliana. Galgalo na wenzake wanateremsha ng'ombe wote, koo zote, kwa wakati mmoja. Sisi wa Mkuyuni tutasimama pande zote mbili kutoka nyikani mpaka majini, wazee, wajawazito, wanakwaya na majoho yao. Kile chombo kikipita hakitapata pa kupiga picha ambapo hapana mtu.

Wewe kaa dirishani. Basi likishatoka Garsen, kabla halijashika barabara ya Malindi, geuka utazame upande wa mto. Ukiona vumbi limepanda mpaka mbinguni, usidhani ni upepo. Ni sisi, na ng'ombe.

Baba yako,
Daudi